Kwa Mpwa Wangu Aliyeondoka na Sindano Zake

Mpwa wangu Shija,

Huku Ilembo, Mpanda, tu wazima wote, ukiniondoa mimi. Mama yako anapukuchua mahindi, ng'ombe wapo, vumbi ndiyo hilo unalolijua. Ila mimi, tangu ulipopanda basi la Mbeya kwenda kidato cha tano, simu ikiita moyo unashuka hadi magotini. Juzi iliita, kumbe ni mtu anauliza kama nauza mtamba. Nilimfokea mpaka akakata, kisha nikakaa kizingitini.

Najua unacheka. Mjomba aliyepigana na kiboko wa ziwani anaogopa simu. Cheka, lakini soma mpaka mwisho, maana mimi niliishia darasa la tano na barua hii imenichukua siku tatu. Shuleni kwenu simu haziruhusiwi, basi sina njia nyingine. Yule muuguzi wa kliniki yako ameomba nakala awasomee wazazi wengine wenye watoto wa hemofilia, wajue sisi tulifanyaje. Nimemwambia awasomee tu, ila wajue kwamba mimi nilianza kwa kuharibu.

Ulikuwa na miaka sita. Uliamka goti limevimba kama kibuyu, la moto, na hakuna aliyekuona ukianguka. Mama yako alikuwa ameshafunga kanga akupeleke hospitali. Majirani walikuwepo, na mimi mbele ya watu unanijua.

"Hiyo ni damu mbaya imetuama," nikasema. "Nina mzee wangu anaumika kwa pembe. Ataivuta yote, kesho mtoto anakimbiza ndama."

"Kaka, una uhakika?"

"Mimi? Dada, unaniuliza mimi?"

Sikuwa na uhakika wowote. Nilikuwa nimeona akiumikwa mtu mmoja tu, tena mgongo. Nikakuweka mbele kwenye baiskeli, tukaenda, mama yako nyuma kwa miguu. Mzee akachanja goti kwa wembe mara tatu, akabandika pembe, akanyonya. Alipoibandua, damu ikaendelea. Akapaka majivu, ikaendelea. Akafunga majani, yakalowa. Mzee mwenyewe akaanza kunitazama vibaya, kama mimi ndiye niliyemletea mkosi. Jioni kanga mbili za mama yako zilikuwa zimelowa chapachapa na wewe umekuwa mwepesi mikononi mwangu.

Ukaniuliza, "Mjomba, itaisha lini?"

Nikasema, "Sasa hivi."

Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, Shija, na mwingi ninaupenda. Huo siupendi. Nausikia mpaka leo nikiwa nakamua ng'ombe.

Hospitali walikuongezea damu, baadaye tukapelekwa Mwanza. Kule daktari aliuliza swali moja tu: upande wa mama, yupo mwanaume aliyewahi kufa kwa kutokwa damu? Mimi ninayezungumza hata na redio nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mama yako ndiye aliyejibu. Tulikuwa na kaka, Maganga. Aling'olewa jino, damu haikukauka, siku ya tatu tukamzika. Sisi tukasema amerogwa, tukamsusa bibi mmoja jirani mpaka naye akafa bila hata mtu wa kwetu kumpelekea uji. Daktari akatueleza taratibu kwamba damu yako imepungukiwa na kitu kinachoigandisha, ndiyo hiyo hemofilia, kwamba mama huweza kuibeba kasoro hiyo bila kuumwa akampa mwanawe, na kwamba lile goti lilikuwa linavuja kwa ndani. Yaani damu inavuja ndani, na mimi nikaenda kuifungulia mlango wa nje.

Baada ya hapo nikawa askari wako. Machungani hapana, mpira hapana, panga nililificha juu ya dari. Ukikimbia nakimbia nyuma yako. Watoto wa mtaa wakakuita Yai, nikawafukuza kwa fimbo, wakakuita zaidi. Mpaka siku ile muuguzi aliponikalisha chini.

"Baba, utamlinda hivi mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Na ukishakufa? Siku moja huyu ataamka peke yake, mguu umeanza kubana, na wewe haupo. Mfundishe sasa hivi angali mdogo."

Sikulala vizuri wiki nzima. Mtoto wa miaka kumi ajichome sindano ya mshipa mwenyewe? Lakini ulitaka. Ulijifunza kuchanganya dawa ya kugandisha damu bila kuitikisa, unaizungusha polepole kichupani kama mtu anayebembeleza mtoto. Ulijifunza kuandika daftarini siku, kiungo na dozi, na kumwambia mwuzaji wa duka la dawa, "Usinipe hiyo diklofenaki ya maumivu, itanivujisha, damu yangu haigandi." Mshipa ndio ulikushinda. Muuguzi akasema afadhali ujaribu kwanza kwa mtu mwingine, kwa maji ya chumvi ya hospitali, yeye akiwa amesimama hapo. Mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikawaambia mishipa yangu ni kama kamba za kufungia madume.

Ukanifunga mpira, ukaishika ile sindano ndogo yenye mabawa ya plastiki ya kushikia.

"Mjomba, unatetemeka."

"Sitetemeki. Ni baridi."

"Baridi ya Mpanda mwezi wa kumi?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Ulinichoma mara nne ukakosa. Mara ya tano damu ikarudi kwenye kimpira cha sindano, ukaniangalia, na nikaona uso wako umebadilika. Hukuwa tena mtoto anayesubiri kushikwa. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa kuliko siku ya pembe, kwa sababu nilielewa kuwa sasa unaweza kuondoka.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kidato cha tatu ulikaa siku nne na nyonga iliyokuwa inavuja. Siku nne, na dawa ipo kwenye friji ya zahanati ya shule, na unajua kujichoma. Ulianguka mstarini ndipo wakatupigia. Pale wodini mama yako alikuuliza kwa nini hukusema. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika chupa ya chai.

Ukajibu, "Mjomba aliumwa na kiboko akatembea mpaka Karema. Mimi nililie nyonga?"

Chai ile sikuileta. Nilitoka nje nikaimwaga, nikarudi nikasema sijaipata.

Shija, hakuna kiboko. Hajawahi kuwepo. Kovu la mguuni mwangu ni la mnyororo wa baiskeli, nilianguka karibu na stesheni nikijaribu kushindana na treni mbele ya wasichana. Kidonda sikukishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Nilishonwa zahanati nyuzi sita, na nililia mpaka mganga akaomba mtu anishike. Karema nimefika, ndiyo, kwa lori la dagaa, nimekaa mbele. Mama yako anayajua yote hayo tangu zamani. Aliniachia kwa sababu ulikuwa unacheka nikisimulia, na siku za maumivu hukuwa na kingine cha kukuchekesha.

Nilidhani nakupa ujasiri. Kumbe nilikuwa nakufundisha kukaa kimya, na kwako wewe kukaa kimya ndiko kunakoua. Hilo ndilo ninaloliogopa. Sindano siiogopi tena, mkono wako ni mwepesi kuliko wa wauguzi wengi. Naogopa uko bwenini na vijana wageni, kifundo cha mguu kinaanza kuwasha na kupata joto, wenzako wanaenda kulima shamba la shule, na wewe unajiuliza watakuonaje. Hapo unakumbuka hadithi ya mjomba wako, unashika jembe.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda stendi nikakata tiketi ya Mbeya. Mama yako akanikuta kwenye kibanda cha chai.

"Unamfuata mtu wa kidato cha tano kama ndama aliyepotea?"

"Nikamwone tu, nirudi."

"Ukifika utamwambia nini, kaka?"

Nikamweleza haya ninayokuandikia. Akaikoroga chai yangu kama yake, kisha akasema, "Ukienda, atajua humwamini. Mwandikie." Mkata tiketi alinirudishia nusu ya nauli tu, na sura ya kunionea huruma juu yake.

Basi nimeandika. Ombi langu ni dogo. Mwambie matroni ukweli wote. Mwambie na mwenzako mmoja wa kitanda cha jirani, mwonyeshe dawa inakaa wapi na damu ikivuja unakuwaje. Wakikutania waache wakutanie. Ukitaka kuwa mwanaume mbele yao, choma sindano wakikuangalia, wengi wao watakimbia. Mimi nilikimbia mara mbili kabla sijazoea, na hilo ni la kweli.

Sitakudanganya kwamba hofu imeisha. Huenda hata sasa hivi kuna kiungo kinakubana na mimi sijui, na kwa namna mambo yalivyo, mimi nitakuwa wa mwisho kujua. Nimejilazimisha kulikubali hilo, na limeniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kumkubalia mtu.

Kwa hiyo kiungo kikianza, usinifikirie mimi. Usimfikirie mama yako, wala nauli, wala kwamba tutashtuka. Sema, kisha choma. Sisi tutasikia baadaye, na tutaogopa baadaye, kila mtu kwa wakati wake.

Ni mimi mjomba wako, mwoga kuliko wote hapa Ilembo,
kaka wa mama yako.