Injini Tuliyoitoa Chewele

Gereji ya Levi,
Nyuma ya Soko la Mifugo,
Garsen.
Jumatano.

Kwa dada yangu Asenath,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumba yako, nikijua kwamba barua hii umeipokea kwa ncha za vidole. Natumaini hapo Kau mko wazima, mguu wa mama umepungua kuvimba, na migomba ya kando ya mto imesimama. Huku Garsen mimi nala, nalala, nafanya kazi. Sina neno, isipokuwa haya mengi niliyo nayo kifuani, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza, simu. Umenifungia simu, Asenath. Huu ni mwezi wa pili nakupigia, inalia mara moja na kukatika. Nilimpelekea fundi wa simu hapa sokoni, akaishika, akaigeuza, akaniambia kwa huruma kwamba simu yangu haina ubovu, ila mwenye namba hanitaki. Ati hanitaki! Mimi uliyenibeba mgongoni nikiwa sijui kutembea! Nikatuma mchele kwa mkono wa Truphena, huyu muuza samaki anayekuja Garsen kila wiki, ukaurudisha gunia likiwa na fundo langu lilelile. Hata mtu aliyeiba hafanyiwi hivyo.

Sasa Truphena ananiambia kwamba Jumamosi hii kikundi cha pampu cha Kau kinakaa kuamua juu ya Gona mumeo. Walishamnyang'anya ufunguo wa nyumba ya pampu, na sasa wanataka kumtoa kabisa na kuleta fundi mwingine. Na kwamba Gona amekwambia akitolewa hatakaa kijiji kinachomwona mwongo, atakuchukua wewe na watoto mrudi kwao Magarini. Na kwamba wewe unasema haya yote ni kazi yangu. Kazi yangu! Mimi ndiye niliyeshika ufunguo? Mimi ni mwanachama wa hicho kikundi? Mwenyekiti wenu ni Danson, mtu asiyejua tofauti ya plagi na kizibo cha chupa, na yeye ndiye anayewapima mafundi. Mimi si mtu wa hasira, dada, na atakayesema nina hasira namkasirikia.

Wewe umeolewa na mtu wa maneno machache, kwa hiyo umesikia machache. Acha nikueleze toka mwanzo.

Ndege hii nimeijenga miaka mitano. Mbavu za mabawa nilichongewa na wachonga mitumbwi wa huko kwenu, turubai nikashona mwenyewe. Injini ya kwanza ilikuwa ya gari, ikashindwa hata kuivuta ndege itoke kivulini. Watu wa Garsen walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaja wengine kupokea zamu. Mafuriko yakikata barabara na ninyi mkikaa wiki tatu bila dawa, hapo hakuna anayecheka, wote wanauliza serikali iko wapi. Lakini mtu akijenga kitu cha kupita juu ya maji hayo, ni kichaa. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Injini ya pili ndiyo hii tuliyoitoa Chewele, kwenye ndege kuukuu ya kunyunyizia mashamba dawa, iliyoachwa hapo hadi kuku wakataga ndani yake. Si kama injini ya gari, ambayo silinda zake zimesimama kwa mstari. Hii ina silinda tisa zilizopangwa kwa duara, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Moja inatazama juu mbinguni, na zile za chini zimesimama kwa kichwa.

Sifichi kwamba bila Gona ningebaki kuitazama tu. Yeye aliwahi kusaidia kwenye karakana ya ndege Malindi kwa miaka sita kabla hajakuoa. Aliifungua yote, akaiosha kwa mafuta ya taa, akafunga ringi mpya za pistoni. Tuliiinua kwa mnyororo wa kuinulia injini za lori, tukawa tunaisogeza kidogo kidogo mpaka bolti zote nane zikaingia kwenye fremu bila kupigwa nyundo. Gona hakubali nyundo. Ukishika nyundo anakuangalia kama umeshika nyoka. Chini ya kila bolti akaweka mpira mnene ili mtetemo usivunje fremu. Pua ikawa nzito kuliko tulivyopanga, akanifanya nihamishe betri hadi mkiani. Lile bati la kumkinga rubani na moto alilikata mara tatu. Mara tatu, Asenath! Mimi nilitaka kumaliza kabla ya mvua, yeye anapima.

Ikafika ile Jumamosi ya kuiwasha. Haikuwa siku ya kuruka, ilikuwa ya kuisikiliza ikiunguruma hapo chini, ndege imefungwa kwa minyororo kwenye nguzo mbili. Nilialika watu. Ndiyo, nilialika. Walikuja mchungaji, Danson wenu, wafanyabiashara wa soko zima, na wale wote waliokuwa wakinicheka. Nilitaka waje wacheke mbele ya propela inayozunguka.

Gona alifika saa mbili. Jana yake mchana alikuwa ameizungusha propela kwa mkono mara nyingi, akasema iko sawa, akaenda zake. Lakini asubuhi hiyo akataka kuizungusha tena. Akasema injini ya duara huzungushwa kwa mkono kila siku kabla haijawashwa, hata kama jana ilizungushwa. Nikamwambia wageni wako juani. Nikamuuliza kama kazi yake mwenyewe haiamini. Akarudi nyuma. Nikapanda, nikabonyeza.

Ilizunguka kidogo, silinda ya juu ikashika moto, moshi mweupe ukatoka, watu wakapiga makofi. Kisha ukasikika mlio mmoja wa chuma kugonga chuma, na propela ikasimama. Halafu mmoja akacheka, na wewe unaijua Garsen, mmoja hachekagi peke yake.

Hapo ndipo niliposema. Sikatai. Nilisimama juu ya kiti cha ndege nikasema kwa sauti kwamba Gona amefunga pistoni vibaya, kwamba fundi wa namna hiyo hafai kuaminiwa hata na pampu ya maji. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu kote. Jioni video ilikuwa imeshafika Hola na Lamu, na Danson aliifikisha Kau kwa mkono wake mwenyewe. Sasa niambie, ni mimi niliyeirusha mtandaoni? Ni mimi niliyewaamuru wakulima wa Kau wasikilize maneno ya mtu aliyetoka kuaibishwa dakika ileile?

Na Gona je? Aliuliza jambo moja tu, kama tunaweza kuifungua injini palepale watu wakiona. Nikakataa. Nikamwambia injini ni yangu na nitaifungua nitakapotaka. Tangu hapo hajasema neno, si kwangu, si kwa Danson, na hilo linaniudhi kuliko yote. Mtu aliyeonewa hupiga kelele! Mbona mimi nimepiga kelele miezi miwili mfululizo?

Juzi akaja Duba, yule Muorma anayeuza ng'ombe, ambaye zizi lake limepakana na gereji yangu. Alikuja kudai sirinji yake, ile kubwa ya kunyweshea ng'ombe dawa, aliyoniazima zamani nisafishie tangi. Nikaitafuta, nikampa. Akaivuta, akanusa, akaniangalia. Akasema, "Levi, hii kitu iko na harufu ya gia. Wewe ulinywesha nani oili?"

Asenath, watu zaidi ya mia walikuwepo siku ile na hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Wewe mwenyewe hukuniuliza, ulifunga simu. Aliyeniuliza ni mtu aliyetaka tu sirinji yake. Nikamfokea. Nikamuuliza ni maswali gani haya ya asubuhi. Duba akaipangusa kwa shuka yake akarudi kwa ng'ombe wake. Swali lake nimekaa nalo siku mbili, na jibu nakupa wewe.

Ni mimi.

Ijumaa ile, Gona alipokwisha kuondoka, saa kumi hivi, redio ilitangaza kwamba mabwawa ya juu yanafunguliwa na watu wa bondeni wahame. Unajua sisi watu wa mto tukisikia hivyo tunafanya nini. Kabla ya kuokoa godoro tunalaza pampu. Unatoa plagi, unatia oili ndani ya silinda, vijiko viwili, unafunga, ili maji yakiifikia, chuma kisishike kutu. Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Siku ya kuiwasha inatoa moshi, inatema ile oili, basi. Niliitazama injini yangu, nikasikia maji yanakuja, na mikono ikafanya inachokijua. Nikailaza ndege kama pampu.

Za juu nilimimina oili ya gia. Za chini oili ilikuwa inamwagika, kwa sababu zimesimama kwa kichwa na tundu la plagi liko chini. Nikachukua sirinji ya Duba, nikaisukuma oili ndani kwa nguvu, nusu lita nzima kila silinda kwa jinsi nilivyokuwa na hofu, nikafunga plagi haraka isitoke. Silinda iliyojaa oili namna hiyo ni mtego. Pistoni inakuja, inakuta njia imezibwa, na oili haibonyei. Lazima chuma kipinde. Gona angejua. Mimi ni fundi wa pampu, sikujua.

Asubuhi maji hayakufika, wageni ndio waliofika. Oili nilikuwa naikumbuka. Nikajiambia itatoka na moshi. Kama ningemwachia Gona aizungushe propela kwa mkono mara moja tu, angesikia imekwama, angetoa plagi za chini, oili ingemwagika, na baada ya nusu saa tungeiwasha. Lakini ingemwagika mbele ya watu. Wangeona kwamba Levi mjenga ndege amelaza injini ya ndege kama pampu ya migomba. Ndiyo maana nilimzuia. Nilikuwa naona haya.

Mpaka hapo ni kosa, na kosa hufanywa na yeyote. Lisilosameheka ni la Jumatatu iliyofuata. Niliifungua injini peke yangu, mlango nimeufunga. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ulikuwa umepinda, na ile silinda ya chini ikanimwagia oili ya gia mikononi, nzito, yenye harufu ileile aliyoisikia Duba. Gona hajawahi kutia oili ya gia kwenye injini maisha yake yote. Pistoni alizozifunga nilizikagua moja moja, zote zilikuwa sawa. Nikapangusa oili kwa kitambaa, kitambaa nikakichoma. Siku hiyohiyo ndipo walipomnyang'anya ufunguo, na Truphena aliponiletea habari, nilimjibu kwamba wamechelewa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapigia kelele miezi miwili. Niligundua kwamba mtu mwenye hasira haulizwi maswali, nikaishikilia hasira.

Sikuandikii ili Gona arudi kunifungia injini. Nimeifunika turubai, na ikae hivyo. Ninachotaka ni hiki: barua hii usimsomee Gona peke yake, wala usinifichie aibu kwa sababu mimi ni mdogo wako. Jumamosi mpe Danson aisome kwa sauti, yote, hata pale nilipomtukana, kabla hawajaamua lolote. Nitakuja na mashua ya asubuhi na nitakaa mbele. Lakini mwambie asinipe nafasi ya kusema kwanza. Najijua, dada. Nikifungua mdomo mbele ya watu nitaanza na redio, nitamtaja Duba na sirinji yake, nitasema Gona angesisitiza zaidi. Nitakuwa nimekasirika kabla sijafika kwenye ukweli. Barua isomwe hadi mwisho, mimi nikiwa nimesimama, na mwenye simu anirekodi.

Mama mpe salamu zangu, umwambie asisimamie sana ule mguu. Watoto uwabusu. Gona usimpe salamu yoyote kutoka kwangu, hana haja nayo kabla ya Jumamosi.

Bwana awalinde hapo mlipo.

Ni mimi mdogo wako,
Levi