Picha ya Mgongano Ukutani kwa Mama

Dada Leokadia,

Hapa Laela siku hizi mahindi anayanunua yeyote mwenye lori. Tangu biashara iachiwe huru barabara imejaa wanunuzi, na mama amepaka sebule rangi. Ukutani, kando ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ametundika ile picha waliyoituma wenzako wa Ulaya baada ya sisi kukuzika: mistari myembamba inayotawanyika kutoka nukta moja. Mgeni akinikuta hapa mwisho wa wiki, mama ananiita. "Njoo umweleze kazi ya dada yako."

Naeleza. Kwamba kuna mashine kwenye handaki la duara chini ya ardhi, na humo chembe ndogo kuliko vumbi zinakimbizwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, kisha zinagonganishwa. Kwamba zinapogongana, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, panakuwa na joto kama la mwanzo kabisa, kabla ya nyota, kabla ya udongo huu wa Ufipa. Wageni wanaguna. Halafu naongeza, "Lakini wanasayansi walikuwa mamia, yeye alikuwa mmoja tu." Ni kweli. Ila nasema kwa sababu inaniuma.

Nilikuonea wivu tangu nafasi ya masomo ya Ulaya ilipokuja moja, ukaipata wewe. Mimi nikabaki Sumbawanga na chaki yangu, nafundisha fizikia. Ulipokuja likizo ukazungumza na wanafunzi wangu juu ya mwanzo wa ulimwengu, walisimama juu ya madawati wakusikie. Mimi nikifundisha wanasinzia! Nikanyoosha mkono mbele yao wote, nikakuuliza, "Na kabla ya mwanzo huo kulikuwa na nini?"

Nilitaka ukwame.

Ulicheka. "Sijui. Hata sisi hatujui. Lakini huyu mdogo wangu alianza kuniuliza hivyo tukipalilia ulezi, na ndiyo maana nilikwenda." Wakanipigia makofi. Makofi ya kupewa na wewe, dada. Sikuyataka.

Tulirudi hapa nyumbani kumuaga mama. Asubuhi ya safari yako mvua ilinyesha, naye akaniambia nikusindikize hadi basi la Tunduma. Nilijibanza kwenye baraza la jirani, nikakuacha uende na begi lako peke yako. Kisha nikamwambia mama, "Amepanda salama, anakusalimu." Miezi michache baadaye simu ikapigwa parokiani: homa ya ubongo imekuchukua. Nilikuwa sijakuandikia hata mstari mmoja.

Jumapili iliyopita nilimwambia mama ukweli. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Nilijua," akasema. "Viatu vyako vilirudi bila tope."

Tukalia. Sijui nani alianza.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Juzi binti mmoja wa wafugaji waliohamia huku, mwanafunzi wangu, aliniambia anataka kwenda kufanya kazi kwenye mashine ile, na hapo hapo moyo ukanichoma. Nikatafuta la kumkatisha tamaa, nikalipata kabisa, likafika mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia alete daftari tuandike barua ya maombi ya masomo.

Pumzika, dada yangu. Mgeni atakayekuja nitamweleza picha yako yote, mstari kwa mstari. Nitamwambia ulikuwa hodari kuliko mimi. Wala sitaongeza lile "lakini" langu.

Mdogo wako,
Kresensia