Nilimkosoa Jecha Mbele ya Wageni Wake

Bi Bashira,

Kwa umri wangu wewe ndiye wa kuniamkia, basi marahaba kabla hujasema, na sasa naomba unisaidie maana nimeharibu. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, Kiingereza nimekiokota kwa kubeba mabegi ya wageni hotelini Kiwengwa, na barzani kwetu mimi ndiye mufti wa lugha hiyo, anayekosea namkamata hapo hapo. Jecha ni rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, anauza maji ya miwa Forodhani, na wageni wanampenda kwa sababu wakingoja gilasi zao yeye huwafundisha kuamkiana na kuhesabu kwa Kiswahili. Basi jioni moja nikamsikia anawaambia "I learn you Swahili", yaani kachanganya kujifunza na kufundisha, nami kwa kiherehere changu nikapaza sauti, "Jecha, mwanafunzi hapo nani, wewe au wao?" nikawafafanulia na wageni, wakacheka, na kesho yake barzani nikampa jina, Mwalimu Lani, kwa ile "learn" yake, nalo likamganda kama ulimbo. Sasa mpaka watoto wa mtaa wanamwita hivyo, barzani haji tena, na wageni anawapa gilasi kimya, bei anaonyesha kwa vidole.

Nikasema atazoea. Juzi mjukuu wangu Saadiya, ambaye anasomesha skuli, akanambia, "Babu, na wewe kila siku unasema 'I am agree', na si sawa, ni 'I agree' tu. Siku nyingi nyuma nilimwambia Mzee Jecha nataka kukurekebisha, akanikataza. 'Mwache babu yako,' alisema, 'anafurahi.'"

Bi Bashira, chai nikaiacha mezani. Nishakwenda kwa Jecha mara tatu, nanunua maji ya miwa na mimi sukari nimekatazwa, na neno la radhi halitoki. Nifanyeje?

Mkubwa, Mkunazini

Mzee Mkubwa, shikamoo. Umeitikia mapema, lakini adabu zangu nnazo. Ungekuwa nazo wewe tusingefika hapa.

Utani wa barzani hauna ubaya. Wewe ulimfuata mwenzio kwenye riziki yake ukamvua nguo mbele ya wageni. Wale hawakuja kupima Kiingereza chake. Wangerudi kwao na "hujambo" aliyowapa yeye. Wewe uliwapa nini? Naona unajuta, na nakuonea huruma, lakini majuto ya kunywea miwa yatakupandisha sukari bure.

Jina umelitoa barzani, kalizike barzani. Ijumaa watu wakikaa baada ya sala, wahadithie kosa lako la miaka yote, na nani alikusitiri. Wakikupa jina, lipokee, usijitetee. Jioni hiyo hiyo nenda Forodhani. Usimnong'oneze pembeni, ulimvunjia heshima mbele za watu, muombe radhi mbele za watu, na kwa Kiswahili. Huenda asikujibu. Kesho rudi tena, kaa kwenye benchi na wageni, miwa usiguse. Na siku atakapoanza tena kuwahesabia "moja, mbili", wewe itikia pamoja nao, kwa sauti, kama uliyekuja kufundishwa.