Mama Sesilia, Wamenihamishia Dobi

Mama Sesilia,

Nimetolewa kwenye chumba chetu cha hospitali, ulichonifundishia kuwasikiliza wenye huzuni. Nakuandikia mwenyewe, nisije nikasemewa na wengine huko uliko.

Ulipozikwa kwenu Usevya, hospitali ya mgodi ililetewa msimamizi mpya kutoka Dar es Salaam. Alikuja na karatasi ya maswali. Kila mwenye huzuni aingie peke yake, akae mbele ya meza, aulizwe maswali yale yale, na iandikwe amejibu nini. Nikamwambia wewe ulikuwa unaanza kwa kuuliza, "Kwenu mtu akifiwa hufanyiwa nini?" Mpimbwe ana yake, Mrundi ana yake, na sisi Wabende wa ziwani tuna yetu. Akacheka. "Mambo ya kikabila hayo, Zuhura. Tunataka dawa moja kwa wote."

Basi akaja Maganga, yule Mnyamwezi mchimbaji. Mdogo wake, Kapela, aliangukiwa na mwamba chini mgodini. Maganga alikaa mbele ya ile meza, akaulizwa ana shida gani, akajibu, "Sina neno, bwana." Ikaandikwa hana tatizo. Kesho yake asubuhi akasimama katikati ya reli ya mabehewa ya mawe, hasogei, mpaka wenzake wakamvuta kwa nguvu wakamleta wodini, akakataa kula.

Mama, damu ilinichemka. Sikuomba ruhusa. Nilikwenda kumwita Veronika, yule Mfipa mpika pombe, kwa sababu ulinifundisha kwamba kuna msiba usiofunguka mpaka mtani aje. Veronika aliingia wodini amejitwika gunia tupu, anapepesuka kama amebeba jiwe. Akapiga kelele, "Nyie Wanyamwezi! Mnajisifu kubeba mizigo mpaka pwani, leo mnashindwa kumbeba Kapela hata kwa chozi moja?"

Maganga akamtazama. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, halafu kikakatika akaanza kulia. Alilia, mama. Alilia mpaka akamshika Veronika miguu, na Veronika naye akakaa chini akalia naye. Mchana ule akala ugali.

Msimamizi akaniita. "Umeleta mlevi amtukane mfiwa!" Nikamjibu, "Hakumtukana, bwana. Maganga sasa amemzika mdogo wake." Akaniambia hilo ni onyo la kwanza.

Sitakuficha na aibu yangu. Nilivimba kichwa. Wiki ile ile akaja Damasi, kijana wa karakana, mkewe amemkimbia. Nikasikia ni Mfipa, nikakimbilia kumwita mzee wa Kifipa aje aseme naye kwa lugha yao. Damasi akainama. "Mama Zuhura, mimi nimezaliwa hapa hapa kambini. Kifipa sikijui. Mbona hujaniuliza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemfanyia yale yale ya karatasi, ila yangu ilikuwa kichwani. Nikamwomba radhi, nikamuuliza angependa kusema na nani. Akasema na dada yake. Basi tukamwita dada yake.

Msimamizi aliposikia alifurahi, akadhani nimeshindwa. Akanipa kalamu niahidi kwa maandishi kwamba nitafuata maswali yake tu. Nikairudisha kalamu mezani. Nikamwambia, "Nilikosea kwa kutouliza. Wewe unataka nikosee hivyo kila siku."

Ndiyo maana niko dobi. Nafua mashuka ya wodi, mikono inachubuka, na alidhani nitalia. Sijalia kwa ajili yake hata mara moja. Jana mke wa Mrundi mmoja alikuja na kapu la nguo ambazo hazikuwa chafu. Nikamsogezea ndoo akaikalia, tukaloweka zile nguo safi, akaanza kuzungumza.

Nakulilia wewe, mama. Mkono wako ulivyokuwa unakaa mgongoni kwangu nikikosea. Nimekuombea dua msikitini, kisha nikapita kanisani nikakaa benchi la nyuma, maana sikujua ipi itakufikia upesi.

Lala salama, mama yangu. Wanaweza kunitoa na huku dobi. Nakuahidi, popote watakaponiweka, mtu akija nitamsogezea pa kukaa, nitamuuliza, na nitangoja jibu lake mwenyewe. Hilo hawana kalamu ya kunikataza.

Mwanao,
Zuhura