Masizi ya Shangazi

Shamba la mkonge, Korogwe

Baba mpendwa,

Kamwene, na shikamoo nyingi kwako na kwa mama. Mimi ni mzima, ila mikono ni myeusi, na alama za vidole utaziona kwenye karatasi hii. Dada Tabita asinicheke anapokusomea. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua zimeanza huko Njombe?

Baba, nina habari, na siwezi kungoja salamu ziishe!

Niliwaandikia kwamba nimetolewa kwenye kukata mkonge, nasafisha kile kichwa cha garimoshi kinachovuta mkonge kwenda kiwandani, badala ya mtu aliyeugua. Tunakiita Shangazi kwa sababu kinanung'unika kutwa nzima (usimwambie dada yako). Sasa yule mtu amepona, na mkataba wangu unaisha mwezi huu. Ilikuwa nirudi kwenye miiba au nirudi nyumbani. Mimi nilitaka karakana, baba. Niliitaka mno.

Fundi mkuu, Mzungu tunayemwita Bwana Miwani, ametengeneza Shangazi mdogo wa shaba na bati, wa kukaa mezani, kila kitu kipo mpaka filimbi. Anampeleka kwenye maonyesho Tanga. Juzi alisafiri siku mbili, akaniachia nimfute vumbi kwa kitambaa kikavu. Kumfuta tu.

Nikamtazama. Anang'aa kama sahani ya wageni. Mashine ambayo haijafanya kazi hata siku moja! Nikakukumbuka wewe, usiyekubali jembe ulilofua litoke kwako mpaka umelilimia tuta nyuma ya nyumba. Basi, nikashindwa kujizuia.

Nikaufifisha mng'ao kwa majivu. Nikakwangua masizi ya sufuria, nikayachanganya na mafuta ya taa, nikapaka bomba la moshi na paa. Kutu nilikwangua kwenye reli mbovu nikaipaka magurudumuni. Pale maji yanapochuruzika tangini nikachora michirizi ya chokaa. Taa nikaifunga waya, maana ya Shangazi mwenyewe imefungwa waya. Lakini mshikio wa mlangoni niliusugua mpaka shaba ikatoka, kwa kuwa tunaushika kila siku tukipanda, na rangi haikai pale.

Bwana Miwani aliporudi, shingo ilimwiva nyekundu kwa hasira.

"Nani natuma wewe?"

Nikasema hakuna. Akambeba yule mdogo mpaka relini alipo mkubwa, mimi nyuma yake. Akachuchumaa, anatazama huyu, anatazama yule, mpaka akafika kwenye waya.

"Hii naona wapi?"

"Ile ya mkubwa niliifunga mimi, Bwana."

Akagusa mshikio mdogo, akasimama akagusa mkubwa. Akacheka! Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mimi hapana ona hii. Miaka mingi, hapana ona. Nani nafundisha wewe?"

"Baba yangu. Ni mhunzi, Njombe."

"Jumatatu kuja karakana."

Nilikimbia mpaka kambini nikipiga kelele, wenzangu wakadhani nimeumwa na nyoka. Karakana, baba! Nitashika nyundo, nitafua chuma, na koleo nimeshaonyeshwa langu.

Msalimie mama, dada Tabita, shemeji Yohana mumewe, na shangazi, ila habari ya jina mfiche. Mwalimu wa kanisa mwambie bado nasali.

Liko jambo moja nimelichelewesha. Mtu wa karakana hutia sahihi miaka miwili, na karani alinisogezea kalamu papo hapo. Siku ile uliponisindikiza Makambako kupanda lori nilikuahidi nitarudi mkataba ukiisha, na najua hujampa mtu mivukuto niliyokuwa nikikupulizia moto tangu niondoke. Nilitia sahihi bila kukuuliza. Nina furaha, baba, na naona haya kuwa na furaha kiasi hiki. Mpe shemeji Yohana mivukuto. Usiendelee kuniwekea.

Ni mimi mwanao,
Yeremia