Niliuza Siri ya Mwosha Maiti

Shangazi Prudence,

Nimesoma safu yako kila Alhamisi kwa miaka mingi na nimewacheka wengi walioandika humu, wenye kugombana na wakwe na wasiojua kama waolewe au wasiolewe, na leo zamu yangu imefika na sicheki tena, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, sijaolewa, naishi peke yangu katika nyumba aliyoniachia mama, kwenye kijiji cha vinamasini ambako ukungu ukishuka mwezi wa Novemba unaweza kukaa siku nne na mtu akapotea kati ya mlango wake na kisima. Kazi yangu inayojulikana ni kupiga kinanda kanisani. Ile isiyojulikana ni kuandika riwaya za upelelezi, nimeshaandika kumi na moja, zote kwa jina la mwanamume ambaye hayupo duniani. Huenda umezisoma. Mpelelezi wangu ni mjane mzee anayeosha maiti, anavuta kiko, anavaa buti za marehemu mumewe na kuendesha baiskeli kwenye matope, na polisi humdharau mpaka ukurasa wa mwisho. Wasomaji wanampenda, humwandikia barua kana kwamba yuko hai.

Na kweli yuko hai, Shangazi, hiyo ndiyo taabu yangu. Anaitwa Dorcas Thurlby, anakaa nyumba ya sita kutoka kwangu, na kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kuvuka kizingiti chake.

Dorcas ndiye aliyekuwa akiosha maiti wote wa kijiji chetu. Mama yangu alipofariki alikuja asubuhi na beseni lake na kitana, akanikuta nimejikunyata kwenye ngazi siwezi hata kuingia chumbani. Hakunibembeleza. Alisema, "Haya, Hester, simama. Ni mama yako, hakuumi. Nishikie taulo." Tukamwosha pamoja, kisha akachemsha chai, akaanza kunisimulia habari za kazi yake, nadhani alitaka tu nisikilize kitu kingine, na katika kusimulia ndipo alipofika kwa Reuben Haylock.

Huyo Reuben alikuwa mkulima wa viazi, mtu wa kupiga mkewe, kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Mwaka wa ukungu mkubwa aliokotwa ndani ya mfereji, na konstebo akaandika kwamba alipotea njia akazama. Dorcas alipomvua buti aliona kamba zimefungwa kinyume, fundo limeelekea upande ambao mtu hawezi kujifungia mwenyewe, ni fundo la mtu aliyepiga magoti mbele yake, kama tunavyomfunga mtoto viatu. Maana yake alivalishwa. Maana yake alikufa ndani ya nyumba yake, miguu mitupu. Dorcas hakwenda polisi. Alikwenda kwa mjane, Lettice, akakaa naye jikoni wakimenya viazi, hakuuliza kitu, na baada ya saa nzima Lettice akakunja mkono wa gauni lake akamwonyesha makovu ya pasi ya moto, ya zamani na mapya, kisha akasema, "Jumapili ile alimgeukia Nelly." Nelly ni binti yao, alikuwa na miaka sita. Dorcas akamwambia, "Viazi hivi vinatosha," akarudi kwake, na hakusema neno kwa mtu yeyote kwa miaka mitatu, mpaka siku ile aliponiambia mimi.

"Lisitoke humu ndani," akasema.

Likatoka. Nilianza kuandika mwezi uleule, nikijiambia ni njia ya kupunguza majonzi tu, na labda mwanzoni ilikuwa kweli. Niligeuza majina, mkulima wa viazi nikamfanya wa kabichi, lakini ukungu niliuacha, kamba za viatu niliziacha, kiko na baiskeli niliviacha, na kwa kuwa riwaya lazima iwe na mwisho nikamfanya mjane wangu asimame kanisani siku ya mazishi na kumnyooshea kidole mke. Mchapishaji wa London akakipenda kitabu. Gari la maktaba likakileta kijijini, Bi Pell wa posta akakisoma kwa siku mbili, siku ya tatu akasema kauntani mbele ya watu, "Huyu si Dorcas huyu? Na huyu aliyekufa si Reuben?"

Polisi walikuja kutoka mjini wakamchukua Lettice, wakakaa naye siku mbili, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Lakini tangu hapo hakuna aliyemsalimia. Aliondoka asubuhi moja na gari la maziwa, yeye na Nelly na sanduku moja, na kabla mwaka haujaisha tukasikia amekufa kwa ugonjwa wa mapafu katika chumba cha kupanga huko kaskazini.

Na Dorcas, kila mtu aliamini amempigia domo mwandishi fulani wa London aliyewahi kulala pale baa kwa wiki mbili akivua samaki. Nilikuwepo kwenye mkutano wa akina mama siku mke wa daktari aliposema, "Mama yangu mimi hataguswa na mwanamke yule," na wengine wakaitikia, na nilikuwa nimeshika sahani ya keki, Shangazi, nikaendelea kuizungusha. Nikamwambia, "Chukua kipande, kina kisibiti." Hilo ndilo nililosema siku ile.

Basi watu wakaanza kuita kampuni ya mazishi ya mjini. Dorcas alijua nani ameandika, aliniambia mimi tu, neno moja lingemsafisha. Hakulisema. Tukikutana njiani husema, "Hester," nami husema, "Dorcas," tunapita. Na mimi nikaandika vitabu vingine kumi.

Sasa ana miaka themanini na mitatu na haamki kitandani. Jumanne iliyopita muuguzi wa wilaya alinisimamisha nje ya kanisa. "Bi Hester, yule bibi ana ujumbe wako. Amesema akifa hataki watu wa mjini. Anataka umwoshe wewe."

"Amesema kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akaniambia nishughulike na sindano zangu."

Mchapishaji anangoja kitabu cha kumi na mbili, na nimefikiria kukifanya cha mwisho, ambamo mjane wangu anasafishwa jina na ukweli wote kuhusu Lettice unaelezwa, maskini, kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Nimefikiria pia kuhamia kwa binamu yangu katika mji wa Bath mpaka haya yapite. Sijui kama nina haki ya kumgusa Dorcas. Sijui kama anataka kunisamehe au kuniadhibu. Niambie nifanye nini, nami nitafanya.

Mpiga Kinanda


MSHAURI ANAJIBU

Mpiga Kinanda,

Nimekusoma mpaka mwisho, na kuhusu kukuchukia katikati hukukosea.

Kabla ya yote ujue kwamba katika barua yako iliyochapwa hapo juu nimebadilisha kila jina ulilonitajia, na mahali, na kile ambacho yule bibi alikiona kwenye maiti sicho ulichoniandikia. Imenichukua nusu saa. Nusu saa hiyo ungeweza kuitumia na wewe, na riwaya yako isingepungukiwa na kitu.

Nakuonea huruma, usidhani vinginevyo. Ulikuwa umefiwa na mama, umebaki peke yako kwenye nyumba kubwa, ukashika kilichokuwa karibu. Na kwamba watu wangejitambua katika kitabu chako, huenda hukuliona. Lakini huruma yangu inaishia kwenye sahani ile ya keki. Pale uliona kila kitu, ulikuwa na mdomo, na wote wa kuambiwa walikuwa wamekaa mbele yako. Miaka ishirini na miwili yote uliifanya wewe mwenyewe baada ya hapo, siku moja moja.

Unauliza kama anataka kukusamehe au kukuadhibu. Bibi wa miaka themanini na mitatu anataka mtu wa kumwosha akifa. Anza na hilo. Umezoea mno watu ambao kila wanachofanya ni fumbo la kuteguliwa na mpelelezi wako.

Bath huendi. Binamu yako ataishi bila wewe.

Kitabu cha kumi na mbili usikiandike. Unataka kumsafisha Dorcas kwa kumvua nguo Lettice mara ya pili, safari hii kwa kumsifu. Aliyoyafanya Lettice jikoni kwake si yako kuyaungama. Yako ni machache na yanasemeka: uliambiwa kwa siri, ukaandika, ukanyamaza, mwingine akaumia badala yako. Ishia hapo.

Nenda kwa Dorcas kesho. Usibebe maua wala supu. Usilie, maana ukilia itabidi mgonjwa akuhudumie wewe. Mwambie kwa sentensi tatu, kisha funga mdomo umsikilize, hata akikutukana. Baada ya hapo nenda kwenye mkutano wa akina mama, simama, useme mbele yao wote, na ufanye hivyo Dorcas angali hai. Ukingoja azikwe kwanza utakuwa umejisafisha wewe tu.

Na kuna mtu umemwacha kwenye gari la maziwa ukaendelea na barua yako. Nelly yuko wapi? Leo ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Mtafute. Usimwandikie habari za baba yake. Mwandikie kwamba kuna mtu aliyemkosea mama yake, na kwamba mtu huyo yuko tayari kujibu atakachouliza, akipenda kuuliza. Asipojibu, usimwandikie tena.

Kuhusu kumwosha, ndiyo, umwoshe. Muulize sasa, angali anaweza kukujibu, anataka maji ya namna gani, gauni lipi, nywele zake zichanwe vipi. Yaandike hayo, na baada ya hapo weka kalamu chini.

Shangazi Prudence


Wiki saba baada ya majibu hayo kuchapwa tulipokea barua ifuatayo, nasi tunaitoa kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa majina yaleyale ya kubuni.

Shangazi Prudence,

Uliniambia kesho, nikaenda keshokutwa. Siku moja ilipotea kwa woga.

Nilisema sentensi zangu tatu. Dorcas akaniambia nimpe kiko chake, muuguzi hukificha juu ya kabati. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja miaka yote ile.

"Nilishatoa siri ya mtu mara moja," akasema, "nikaona ilivyofanya. Sikuwa na hamu ya kutoa nyingine."

"Hii haikuwa siri ya kutunziwa, Dorcas."

"Ilikuwa yako. Nilijua utaitoa mwenyewe. Umechelewa tu, mwanangu, umechelewa sana."

Kwenye mkutano nilisimama nikasema. Mke wa daktari aliinuka akatoka bila kuniangalia. Bi Pell aliniuliza kama kweli ni mimi, halafu papo hapo akataka kujua ni nani mwingine wa hapa yumo kwenye vitabu vingine. Wiki hiyo watu wawili walikwenda kumwona Dorcas. Nilitegemea wengi zaidi. Kanisa limepata mpiga kinanda mwingine. Nelly nilimpata kwa msaada wa kasisi, nikamwandikia kama ulivyosema, na hajajibu, wala simlaumu.

Nilikuwa nakwenda kwa Dorcas kila alasiri. Hatukuzungumza mengi. Alinifundisha maji na vitambaa na namna ya kumgeuza mtu mzito bila kumvuta, akinikemea nikikosea, mara mbili alicheka.

Alifariki Ijumaa. Nilimwosha jana asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyoagiza. Kuna jambo nililoliona mwilini mwake, la zamani sana, ambalo kijiji kizima hakikuwahi kulijua kuhusu maisha yake. Nilimvalisha gauni lake la kijivu, nikafunga vifungo mpaka shingoni. Sitalisema hapa, wala popote.

Hester