Nimemkana Kasongo

Jumamosi, Mtinko

Nimemkana, basi. Miaka miwili Kasongo amekula kwangu, ananiita mama. Ni mpiga gitaa wa bendi ya mjini, kwao Zaire, na kibali cha kazi hana.

Asubuhi afisa alikuja na balozi wetu wa nyumba kumi. "Shikamoo, bibi. Huyu anasema umemfanya mwanao. Ukikubali, tutamwombea kibali. Ukikataa anaondoka leo, nafasi yake apewe mwananchi."

Mwananchi mwenyewe ni mjukuu wangu Hamisi, hana kazi tangu masika.

Kasongo alikuwa ananichambulia mlenda. Akacheka. "Mama, waambie basi."

Nikasema, "Mgeni tu huyu. Alipita na njaa, nikampa ugali."

Alimaliza kuchambua, akanawa, akaingia kwenye Landrova. Gitaa alimwachia Hamisi.

Nilidhani Hamisi atafurahi. "Bibi, kila wimbo ninaoujua kanifundisha yeye," akasema. "Na mimi je, nikikulemea utasema nilipita na njaa?"

Mlenda ule nimeupika. Hamisi amekataa kula, nimeumaliza peke yangu huku nalia.

Wakirudi kesho kuniuliza, nitajibu vilevile.